Bili Iliyopanda Mama Alipokuja

Mama alifika kwetu Riverdale Park, Marekani, majani yalipoanza kupukutika, baada ya kumaliza eda ya baba. Nyumba tulikuwa tumeihamia muda mfupi kabla yake, tukitoka kwenye fleti ya Beltsville ambako umeme ulikuwa ndani ya kodi. Kwa hiyo mambo mawili yalituingilia karibu kwa pamoja: mama, na bili ya umeme. Laiti yangepishana hata kidogo, nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Kampuni ya umeme ilituweka kwenye utaratibu wa malipo sawasawa. Kila mwezi wanakata benki wenyewe kiasi kilekile, iwe joto iwe baridi, na mwisho wa mwaka wanapiga hesabu ya nani anamdai mwenzake. Niliukubali mwenyewe kwenye simu siku ya kufungua akaunti, maana ulisikika kama jambo la watu wenye mpango. Kisha kikaja kikaratasi cha kusema kiasi kimerekebishwa, na mwezi uliofuata wakakata karibu mara mbili.

Mume wangu ni mtu wa Mombasa, na Mombasa neno la mzaha halilali ndani. Jioni ile tunakula akasema, "Tangu mama aje, stima nayo imepata hamu ya kula!" Akacheka. Mimi nikacheka. Mama akacheka kuliko sisi, akamwongezea wali. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno moja, aliendelea kula samaki wake.

Mama alikuwa ameishi na luku miaka mingi. Kwetu Tanga umeme unaununua kwanza, unaingiza namba kwenye mita, na yuniti zikianza kukimbia unajua kuna mtu kawasha kitu. Ukipiga pasi unaona. Ukichemsha maji unaona. Pesa haiondoki bila mtumiaji, na mtumiaji hujulikana kwa jina. Sasa huku mtu mmoja kaongezeka nyumbani, anatia udhu kwa maji ya moto mara tano kwa siku, anakaa ndani mchana kutwa hita ikinguruma, na pesa za umeme zimepanda mara mbili. Kwa akili ya luku kesi ilikwisha hapo hapo, na mshitakiwa alikuwa yeye.

Hakusema. Alianza kuzungumzia kaburi la baba. Mara limeota majani, mara hakuna wa kulisomea yasini. Mara nyumba ya Tanga, ikikaa bila mtu paa litaliwa na mchwa. Nikamkumbusha kwamba funguo ziko kwa mdogo wangu na analala mle kila siku. Akasema, "Mgeni siku mbili, mwanangu, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe hamkunipa, mmenipa hita." Akaniomba nimtafutie tiketi kabla ya Ramadhani.

Nilijua mara moja ombi hilo linatoka wapi: ni lile neno la stima. Nilimbana mume wangu chumbani na nilimsema nikamaliza. Aliona haya kweli. Lakini ni haya ya kufanya nini? Kwa desturi yetu mkwe haendi kumkalisha mama mkwe akamwambia samahani kwa neno la chakulani. Angemzidishia aibu. Atamletea kanga, atamletea matunda, atampeleka msikitini Ijumaa na kumfungulia mlango wa gari, lakini kulitaja lile neno, hapana. Kwa hiyo lilibaki pale pale, na mimi nikabaki na bili mkononi.

Niliisoma bili ile kama sijawahi kusoma kitu maishani. Ukurasa wa mbele una kiasi kikubwa wanachokata. Ukurasa wa nyuma, kwa maandishi ya wino wa kijivu ambayo hakika yalipangwa na mtu asiyetaka yasomwe, kuna umeme mliotumia kweli. Ulikuwa mdogo. Haukufika hata nusu ya tulichokatwa. Nilikimbia nao kwa mama jikoni, nikamwonyesha mstari kwa kidole, nikamsomea, nikamtafsiria.

Akautazama, akanitazama mimi. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mtoto mwema humsitiri mzazi wake."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa tatizo. Ningesema nini? Kila nilivyomtetea ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ninamfichia aibu yake, kama ambavyo yeye mwenyewe angemfichia mama yake. Maneno yangu hayakuwa na thamani kwa sababu tu yalikuwa yangu.

Nikapiga simu kwa kampuni. Niseme kwamba kazi yangu mimi ni kupokea simu kwenye ofisi ya daktari wa meno. Najua hila zote za kumweka mtu kwenye muziki. Waliniweka kwenye muziki. Alipotokea dada mmoja nikamweleza vizuri, kwa Kiingereza changu ninachokula nacho, kwamba wanakata zaidi ya matumizi. Akasema ananielewa kabisa. Akasema kiasi kile kimetokana na historia ya nyumba, na kitaangaliwa mwisho wa mwaka. Nikasema mimi sina mwaka, mama yangu anaondoka. Akaniuliza kwa upole kama ningependa niletewe mkalimani.

Nilikata simu. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Miaka yote hii nawapangia Wamarekani meno yao, halafu mkalimani!

Hasira ilinichukua siku nzima kazini, na kwenye hasira ileile ndimo wazo lilimozaliwa. Mkalimani si wa kwangu. Mkalimani ni wa mama. Mimi haniamini, lakini kampuni ingemwambia yenyewe, kwa Kiswahili, kwa mdomo wa mtu asiyetujua na asiye na sababu ya kumsitiri yeyote, angesemaje?

Nikangoja siku ambayo mume wangu na mimi sote hatuendi kazini. Nilimkalisha mama kwenye meza ya jikoni, nikaweka simu katikati, sauti juu. Mume wangu alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mahali pa mkwe. Safari hii akapokea bwana mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Nikamwambia jina la akaunti ni langu, nipo na mama yangu, tunaomba mkalimani wa Kiswahili. Muziki tena. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume wa Kongo.

"Jambo, mama. Miye ndiye mkalimani. Yote banasema nitasema, yote munasema nitasema."

Mama akaninong'oneza, "Huyu wa wapi?" Nikamwambia Kongo. Akasema Kongo pia ni watu wazuri, akajisogeza karibu na simu, akaweka sawa mtandio wake kama anayeonwa.

Nikauliza swali langu kwa Kiswahili, polepole, kila neno lisikike mezani: kwa nini kiasi kilipanda, na ni nani aliyekitumia? Mkalimani akalipeleka. Yule bwana akabofya vitu huko aliko. Tulisikia vitufe. Akazungumza kwa muda mrefu, na mimi nilielewa kila kitu lakini nikauma midomo, nikamwachia mkalimani.

"Mama," akasema mkalimani, "banasema hii pesa haiko ya kwenu. Batu balikaa mu hii nyumba mbele yenu, balikuwa na mafriji mengi ya biashara, ya kuuza chakula. Balitumia sana. Kompyuta ilichukua yao, ikaweka kwenu. Ninyi munatumia kidogo. Banasema ni kosa lao, batarudisha."

Mama akainama kwenye simu, akauliza mwenyewe. "Baba, muulize na maji ya moto. Mtu akitia udhu kwa maji ya moto kila sala. Hayo nayo yanakula kiasi gani?"

Swali likaenda Kiingereza, na sijui lilivyofika huko, lakini lilirudi. "Banasema hata haionekani, mama. Ni kidogo sana."

Jinsi alivyopumua! Nilimwona akiutua mzigo mabegani, hivi hivi, kwa macho yangu. Akanipiga kofi dogo la mkono, akasema, "Mafriji! Mimi nafikiri ni mimi, kumbe mafriji ya watu!" Akacheka kicheko chake cha Tanga ambacho sikuwa nimekisikia tangu jioni ile ya wali. Mlangoni mume wangu alijifanya anakagua bawaba.

Ningeweza kushukuru na kukata simu. Lakini yule bwana alikuwa bado anatafuta kiasi kipya cha kutukata, na alikuwa mtu wa kufanya kazi yake vizuri, Mungu amlipe. Akasema mita yetu inaleta matumizi ya kila saa, na kuna kitu hakielewi.

"Banauliza," akasema mkalimani. "Kila siku ya kazi, asubuhi mukitoka, courant, ile umeme, inaanguka karibu na sifuri. Hita imezimwa, hakuna kitu. Inakaa hivyo mpaka karibu saa tisa, halafu inapanda kwa nguvu. Banataka kujua: mchana, mu hii nyumba muko mutu?"

Saa tisa na ushee ndipo basi la shule linapomshusha binti yetu kwenye kona.

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kugandisha maji kwenye ndoo nje, na mimi kila jioni niliporudi nilikuta nyumba ina joto, chai ipo, mjukuu amevua soksi, bibi anatabasamu. Kumbe tukishatoka alikuwa anaizima hita, anakaa kwenye baridi mpaka mjukuu akaribie kurudi.

Ni yeye aliyejibu. "Mwambie hamna mtu," akasema. "Mchana nyumba haina mtu. Aandike kiasi cha chini."

Mume wangu akaingia ndani. Alipita nyuma ya kiti cha mama, akaegemea meza upande wa pili, macho yake kwenye simu peke yake, kama kwamba mle jikoni hamna mwingine.

"Ndugu yangu," akamwambia mkalimani, "hilo usilipeleke. Mwambie nyumba hii mchana ina mwenyewe. Yumo mama yetu. Yumo leo, na baridi ijayo yumo. Na kama kuna mtu alisema neno la kipuuzi juu ya stima, mwambie mtu huyo ni mjinga na anajuta."

Mkalimani alikohoa kidogo. "Nitafsiri jibu la nani, mama?" akauliza.

Hakuwa ananiuliza mimi. Mama alikunja ncha ya mtandio, akaikunjua.

"La huyo mwanangu," akasema.

Mkalimani akalitafsiri lote, mpaka ujinga na majuto. Yule bwana wa kampuni akasema sawa, lakini basi itabidi kiasi cha mwezi kipande kidogo.

"Kipande," mume wangu akasema.

Mama akainuka bila kumtazama yeyote, akaenda ukutani kwenye kidude cha hita, na kwa mara ya kwanza akakipandisha mbele ya mkwewe.