Taa ya Mtoto na Bwana Mimi

Dada yangu hajui kununa. Mimi ndiye ninayenuna kwa niaba yake, na kazi hiyo naifanya kwa moyo wote. Kwa hiyo nikisimulia habari za bosi wake msinitegemee nitende haki. Yule mtu nilimwombea mabaya kila nilipochana kichwa cha mteja, na yalipomfika nilikuwa nimesimama palepale natazama.

Dada ni mkemia. Anatengeneza plastiki, si ya ndoo wala sahani. Plastiki yake inapitisha umeme, na ukiipaka nyembamba kwenye kioo chenye nyaya zake kisha ukaunga betri, inawaka rangi ya chungwa bivu. Unachukua molekuli ndogo za aina mbili, unazipasha moto kwenye chupa isiyo na hewa, nazo zinashikana mikono kwa zamu mpaka zinakuwa mnyororo mrefu. Umbo la hizo molekuli alilichora mwenyewe. Alihangaika nalo miaka, akiongeza mkia hapa ili iyeyuke, akipunguza pale ili rangi itulie.

"Sasa mwishoni," aliniambia siku moja nikimsuka, "mnyororo unabaki na mikono mitupu huku na huku. Hiyo mikono ndiyo balaa. Lazima niifunge."

"Kama ncha za rasta?"

"Hivyohivyo."

Hapo nikaelewa. Mimi nikimaliza kusuka, nachovya ncha kwenye maji ya moto zishikane. Nisipofanya hivyo mteja anatoka saluni amependeza, baada ya siku chache yuko kama aliyepigana na paka.

Bosi wake, profesa mzima, wafanyakazi walimwita Bwana Mimi. Kazi ikifana alisema "mimi", ikiharibika "nyinyi". Hatua ya kufunga ncha hakuipenda, maana inataka kupasha moto tena na kuosha tena. Aliiita mapambo.

Dada akaenda likizo ya uzazi, akaacha meza yake safi. Aliporudi alimkuta mpwa wa mke wa Bwana Mimi ameikalia, anatafuna karanga. Mkataba wako umeisha, akaambiwa. Ukutani palikuwa na bango kubwa la ile plastiki, na picha ya Bwana Mimi akitabasamu juu ya maneno "uvumbuzi wangu". Dada alitoka na kipande kimoja cha kioo, kilichomeguka pembe, ambacho kingetupwa. Shemeji akakiunga betri, akakitundika juu ya kitanda cha mtoto. Mchana pazia likifungwa, mtoto anaikodolea macho taa yake mpaka usingizi unamchukua. Ukiizima, mtaa mzima unajua.

Dada alitaka kitu kimoja tu: ijulikane aliyeitengeneza ni nani. Shemeji alisema tuyaache yapite. Nikamwambia yeye ni mtu mwema, basi aende akaoshe chupa za maziwa.

Siku moja simu ikaita. Kumbe kila alichopika mpwa kilitoka cheusi kama masizi, na wageni walikuwa njiani, watu wa kampuni ya vioo vya simu, wanamtafuta wa kufanya naye kazi.

"Dada yetu, hujambo na mtoto?" Bwana Mimi alikuwa mtamu kweli. "Njoo utusaidie mara hii moja. Wageni wakija, tutaongea habari ya mkataba."

Niliruka juu. "Nenda! Halafu fungua chupa, hewa iingie. Kohoa ndani. Tema!"

"Mimi siharibu kazi," alisema.

Akaenda. Alipofika hatua ya mwisho, Bwana Mimi akaingia maabara na watu wote wapo. Alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kuwachukua wageni.

"Hayo mapambo yako leo yaache. Osha, kausha, tupake."

"Nisifunge ncha, Profesa?"

"Usifunge."

"Itawaka vizuri mwanzoni, halafu itafifia. Nilishakwambia."

"Mama mtoto, profesa hapa ni nani?"

Watu wakacheka. Mpwa alicheka kuliko wote.

"Sawa," dada akasema. "Nitafanya ulivyosema."

Aliponisimulia alikuwa na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni pake. Nilisisimkwa. Nilikuwa nimemshauri uhuni, naye akachagua utii, na utii wake ulikuwa mbaya zaidi.

Kwa ile plastiki dada alipaka neno KARIBUNI kwenye kioo kikubwa cha mapokezi. Iliwaka ikapendeza. Bwana Mimi akaamuru isizimwe mpaka arudi, wapita njia waone, kisha akapanda ndege. Herufi zikaanza kufifia. Mpwa, kwa kuogopa kupiga simu, kila asubuhi aliongeza umeme, na kila alipoongeza ndivyo zilivyozidi kufa.

Siku ya wageni tulikwenda wote, dada kusikiliza habari ya mkataba, mimi nimembeba mtoto. Bwana Mimi aliingia nao moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Kiongozi wao, mama mmoja wa makamo, akasimama chini ya kioo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Profesa, hapa pameandikwa nini?"

Bwana Mimi akatazama juu. Rangi ilikuwa kama chai iliyomwagika. "Nyinyi! Umeme una nini?"

"Umeme upo, mjomba," mpwa akanong'ona.

Mtoto, Mungu amkuze, akachagua saa hiyo kulilia usingizi. Dada akatia mkono kwenye mfuko wa nepi, akatoa taa. Asubuhi nilimwona akiitia betri mpya, nikanyamaza. Ikawaka chungwa tupu, na mtoto akatulia.

Yule mama akaja mbio. "Hii ya lini?"

"Kabla huyu hajazaliwa."

Mgeni akamtazama mtoto, ambaye tayari ana meno. "Plastiki ileile?"

"Ileile. Niliichora mimi. Hii nilifunga ncha. Ile pale Profesa alisema nisifunge."

"Ulisema?" yule mama akamgeukia Profesa.

Bwana Mimi akatafuta macho ya watu wake. Wale waliocheka siku ile walikuwa wanasoma viatu vyao.

"Na hizo ncha zinafungwa kwa nini?" mama akauliza, kwa upole kabisa.

"Ni... ni mapambo," alisema. "Ya kitaalamu."

Hakuna aliyecheka. Yule mama alikaa na dada kwenye benchi, akampa mgongo Bwana Mimi, wakaongea mpaka mtoto akalala mikononi mwangu. Niliufurahia ule mgongo kama sherehe.

Tulipotoka Bwana Mimi akatufuata nje, jasho linamtiririka. "Dada yetu, meza yako iko wazi. Hata leo."

"Nitarudi siku mtoto akizoea giza," dada akamjibu.

Njiani nilitembea nikicheza. Nilipogeuka, dada alikuwa analia.

"Lile neno nimelitengeneza mimi," alisema. "Nilijua litakufa, nikaosha, nikakausha, nikapaka kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilimfuta uso kwa kitambaa cha mtoto. Yeye nilimhurumia. Yule mwingine, hata kidogo. Tulipofika nyumbani dada alitundika taa mahali pake, mtoto akaendelea na usingizi, nami nikajinyoosha kwenye mkeka chini yake nikalala fofofo kumshinda.