Ashatu na Shemeji Aliyegandisha Dawa

Ashatu hakuwahi kumheshimu sana shemeji yake Mwinshehe, na tangu huyo mdogo wa marehemu mumewe aliponunua friza ya dukani kwake, hata salamu ya adabu ilikuwa ikimtoka kwa shida. Mtu mzima anakizunguka kijiji kizima cha Makurunge akiitangaza friza utadhani amejenga msikiti!

Ashatu mwenyewe alikuwa mama lishe, akiwapikia wakata miwa ugali na maharage. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akijidunga insulini asubuhi na jioni. Kwake umeme haukufika, lakini nesi wa kliniki alimwonyesha namna ya kuitunza dawa wakati wa joto: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, na vyote vikae kivulini. Februari ile jua lilichoma mpaka mchanga wa njiani haukanyagiki, na chupa yake ilikaa na ubaridi wake.

Mwinshehe, aliyegundulika ana sukari mwaka mmoja tu nyuma, alikuja akachungulia, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Shemeji, zama hizi bado unaishi na vyungu? Yangu nimeilaza kwenye friza pamoja na barafu za ukwaju. Inakuwa jiwe!"

Ashatu akauacha mwiko. "Jiwe? Dawa hiyo ikishaganda imekufa, haifanyi kazi tena. Kliniki hukuambiwa?"

"Mbona samaki anaganda miezi mitatu na tunamla?"

"Samaki anaingia humo akiwa maiti tayari, bwana wee."

Mwinshehe akaenda zake akicheka. Kila asubuhi aliliyeyusha jiwe lake viganjani, akajidunga, akajiona msomi.

Hazikupita siku nyingi kiu ikamshika. Akasema ni joto. Akawa haketi kitako kabla hajainuka tena kwenda haja ndogo. Joto hilohilo, eti. Aliikata kiu kwa soda na juisi ya ukwaju iliyojaa sukari, na kila chupa ikazidi kumkausha. Jua lilisingiziwa mengi mwezi ule.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, mkewe Lulu alikuja mbio. Lulu alikuwa mpole, wa kuitikia ndiyo kwa kila mtu, na Ashatu alimhesabu kuwa bure kabisa.

"Dada, mume wangu anatapika. Anahema kama aliyekimbizwa."

Ashatu akakamata kipimo chake cha sukari, wakaenda. Mwinshehe alikuwa chali mkekani, macho yameingia ndani, pumzi inanuka kama embe lililovunda. Ashatu akamtoboa kidole, akakinga tone la damu. Kioo cha kipimo hakikuandika namba. Kiliandika herufi mbili, HI.

"Unaona," mgonjwa akanong'ona, akijaribu kutabasamu. "Kizungu hicho. Kinanisalimia."

"Kinakuaga, mpumbavu wewe! Sukari imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuihesabu."

Wakampakia kwenye bajaji hadi hospitali, mjini Bagamoyo. Akatundikiwa dripu, akapewa insulini iliyo hai. Daktari akasema wangengoja hadi jioni wangeleta mtu asiyejitambua.

Ashatu akabaki varandani, akimsimulia kila aliyepita habari za jiwe la friza. Saa tisa ilimkuta akiendelea. Alikuwa amejidunga alfajiri, akanywa uji kikombe kimoja, na tangu hapo hakutia kitu mdomoni. Jasho likamtiririka, mikono ikaanza kutetemeka.

"Dada, hujala, sukari inakushuka," Lulu akasema.

"Nani kakuuliza? Joto tu hili."

Akataka kuongeza tusi, ulimi ukawa mzito, neno likatoka nusu. Lulu alikwenda kwa muuza vinywaji langoni, akarudi na soda, akamkalisha sakafuni kwa nguvu ambayo Ashatu hakuijua, akamshika kidevu.

"Kunywa."

"Lulu, mimi..."

"Kunywa, nimesema."

Akanywa. Taratibu mikono ikatulia, varanda ikaacha kuyumba. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama wakimtazama, walewale aliowahutubia. Ashatu akajifuta mdomo kwa upande wa khanga.

"Chupa nzima ya nini?" akasema hatimaye. "Nusu ingetosha."

Lulu akamtolea mkate mfukoni, akamsimamia mpaka akaumaliza.

Mwinshehe aliruhusiwa baada ya siku tano. Dukani aliwaambia wateja kuwa dawa ilikuwa feki, na Ashatu alipolisikia hilo aliendelea kusonga ugali wake. Ila siku hizi dawa ya Mwinshehe inatunzwa na Lulu, na akinyoosha mkono kwenye soda, mkewe humnyang'anya mbele ya watu. Ashatu bado anamsema Lulu kwamba ugali wake una mabonge. Lakini akiwa na safari ya kliniki, humpitia waende wote, na Lulu ndiye anayebeba chakula.