Kokoro na Sakafu ya Bahari

Hebu vuta picha ya kaunta ya ofisi ya uvuvi, hapa Ifakara. Juu yake kuna kokoro lililokamatwa, wavu wa kukokota chini ya maji, bado lina tope. Mvuvi mzee kutoka Malinyi ameshika kamba yake, haiachii.

“Shikamoo, babu,” akasema afisa, binti mpole.

“Marahaba. Mwanangu, nirudishie. Wajukuu watakula nini?”

“Linakwangua viota vya samaki wetu, perege, babu.”

“Masika yakija mto unamwaga tope jipya, perege wanachimba tena. Au wewe mgeni Kilombero?”

Binti akacheka. “Mwenyeji kabisa. Vua kwa nyavu za kutega, nitakuelekeza. Hili linabaki.”

Mzee akaguna, kisha akaiachia kamba.

Mimi, niliyekuwa nikingoja zamu yangu pale kaunta, nilitoka nikiwaza meli zinazokokota nyavu nzito kwenye sakafu ya bahari kuu, gizani kabisa. Mzee wetu alikuwa na masika ya kujitetea. Manahodha wale hawana. Matumbawe ya kule, viumbe hai wanaofanana na mawe, hukua taratibu mno, na wavu huyavunja kwa mpito mmoja.

Ukila samaki wa baharini, naomba ukumbuke jambo moja: huko chini wanaishi viumbe waliozaliwa kabla ya babu wa babu zetu.