Usukani wa Plastiki

Rasto Ofwono alikuwa amekwisha kusema. Alisema kwa upole, akasema kwa hasira, akaandika katika kundi la simu la kamati ya harusi, ambako maneno yake yalikaa kidogo kisha yakafunikwa na picha za vitambaa vya mapambo. Alisema hajui kuendesha gari. Kila aliposema hivyo watu wa kwao Iyolwa walicheka, kama wanavyomcheka mwimbaji wa kwaya anayedai koo linamuuma ili abembelezwe.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi, na labda ndiyo sababu hakuna aliyeutaka.

Rasto alifanya kazi Busia, upande wa Uganda, kwa wakala mmoja wa forodha. Kutwa alizunguka katika yadi ambamo magari yaliyotoka bandarini Mombasa yalisubiri karatasi kabla ya kuendelea Kampala na kwingineko. Yeye alifungua boneti, akasoma namba ya chesisi, akailinganisha na ile iliyoandikwa kwenye hati. Magari yalikuja bila namba za usajili, vumbi la nchi nzima likiwa juu ya vioo, mikononi mwa madereva ambao si wenye mali. Yalikaa siku mbili tatu, yakaondoka. Kuna huzuni fulani inayomshika mtu anayeishi katikati ya vitu vizuri vinavyokwenda kwa wengine. Wapo wanaoishia kunywa. Rasto aliishia kupiga video.

Madereva wa yadi walimzoea, wakamruhusu kukaa nyuma ya usukani gari likiwa limezimwa. Alirekodi dashibodi, viti, mlio wa mlango unapofungwa, akieleza kwa Kiswahili ili watu wa pande zote mbili za mpaka wamwelewe. Jioni, katika chumba chake cha kupanga, aliwasha kompyuta kuukuu na kuingia katika mchezo wa magari: nchi kubwa ya kubuniwa ambamo hakuna anayekulazimisha kushindana wala kufika. Unashika barabara yoyote, unakata kona yoyote, unakwenda mpaka bahari ikuzuie. Humo alitafuta gari la aina ile ile aliyoikalia mchana, akalipeleka safari. Kisha akaunganisha vipande viwili: mlango unafungwa Busia, na mara gari linachomoka kwenye lami ya mchezo. Usukani wake ulikuwa wa plastiki, ameukaza kwenye ukingo wa meza. Mafuta na breki vilikuwa vitufe chini ya vidole gumba. Miguu yake, wakati wote huo, ilikuwa imevuliwa viatu na kunyooshwa chini ya meza, haina kazi.

Video hizo aliziita "Rasto Barabarani". Mwanzoni mwa kila moja aliandika kwamba sehemu ya pili ni mchezo. Lakini kule Iyolwa watu hutazama video kwa kubana bando: unashusha ubora wa picha mpaka chini kabisa, ili kifurushi cha asubuhi kifike jioni. Kwa ubora huo maandishi hugeuka ukungu, na mchezo na dunia huwa kitu kimoja. Barabara ni utepe wa kijivu, miti ni madoa ya kijani, na gari ni gari. Tena, katika ile nchi ya kubuniwa palikuwa na mwamba mmoja uliosimama peke yake kwenye tambarare. Watu waliutazama, wakatazamana. Mlima wa Tororo, ule wa jirani na kwao, ni nini kingine?

"Hapo anapita Osukuru," alisema shangazi yake Syprose, akiweka kidole kwenye kioo cha simu kilichopasuka. "Ile kona naijua."

Wala hakuna aliyeshangaa kumwona kila wiki na gari jingine. Mpakani watu wamezoea kuona mtu akipita na gari jipya lisilo lake, kesho akapita na jingine. Ndiyo kazi ya watu wengi pale. Rasto kumbe naye kaingia kwenye kazi hiyo, wakasema, na anaficha.

Ndipo Marion, dada yake mdogo, alipochumbiwa na Geoffrey Maloba, muuza vipuri wa Busia upande wa Kenya. Harusi ikapangwa kanisani kwa kina Maloba. Rasto na Marion walikuwa wawili tu, na wazazi wao walifariki zamani. Shangazi Syprose ndiye aliyewalea, na ndiye aliyeongoza kamati. Alikuwa na neno moja ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa: binti wa nyumba hii hatolewi na dereva wa kukodi. Anapelekwa na mtu wa damu yake. Baba hayupo, basi kaka. Gari lingetoka kwa mjomba Fabiano wa Tororo mjini, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na kuendesha ameacha.

"Shangazi, mimi sijui kuendesha," Rasto alisema kikaoni, Jumapili, baada ya ibada.

"Na yule wa kwenye simu ni nani? Pacha wako?"

Kikao kikaangua kicheko.

"Ule ni mchezo. Wa kompyuta. Kama wanavyocheza watoto."

"Mchezo," alisema mjomba Fabiano, akigeuza uso kuitafuta sauti ilikotoka. "Watu wa magari ndivyo tunavyosema. Mimi nilipeleka lori mpaka Juba, nikirudi nawaambia nilikuwa nacheza tu."

"Mjomba, sina leseni."

"Wangapi wanazo?"

"Mimi naomba jambo moja," alisema shangazi. "Siku hiyo ushike kushoto. Kwenye video nakuona uko kulia, kila siku kulia, kama umelewa. Mwenzako atakuwa na gauni jeupe humo ndani."

"Ni kulia kwa sababu kule wanaendesha kulia! Na kule hakuna kule! Hiyo nchi haipo!"

"Haipo, na Mlima wa Tororo nimeuona kwa macho yangu." Shangazi akafunga zipu ya mkoba wake. "Tuendelee. Mchele."

Kesho yake Rasto aliandika katika kundi kwamba, hata akitokea dereva, gari la mjomba halina karatasi za kuvuka mpaka, na kwamba yeye hiyo ndiyo kazi yake, anajua anachosema. Zikaja picha za keki.

Alijaribu kujifunza. Alimwendea dereva mmoja wa yadi, Ecodu, mtu mzima mwenye subira, akamwomba amfundishe jioni mbili tu, kwenye uwanja nyuma ya maghala. Ecodu alimtazama kwa mashaka, akatazama mfuko wa shati ambamo simu ilikuwa ikichungulia.

"Rasto Barabarani nimfundishe mimi? Wewe unataka kunirekodi nikikosea, watu wacheke. Nakwenda zangu."

Akaenda zake kweli.

Siku chache kabla ya harusi Marion alikuja mwenyewe yadini. Alisimama kati ya magari mawili meupe yasiyo na namba, mkoba kifuani, na Rasto akajua kabla hajafungua mdomo kwamba hakuja kusalimu.

"Kaka, sema tu kwamba Maloba humtaki."

"Nani kasema simtaki?"

"Ulisema anaongea kama spika ya kanisani."

"Si anaongea hivyo? Lakini nampenda, Marion. Nilitania."

"Kila wiki unazunguka na magari ya watu. Mimi nakuomba mara moja tu, unakataa."

"Sizunguki popote! Nakaa chumbani! Nimekaa kwenye kiti cha mbao!"

Alisikia sauti yake mwenyewe ikigonga mabati ya ukuta na kurudi. Marion alikuwa akitazama chini.

"Unajua watakavyonihesabu kule?" alisema. "Maisha yangu yote nitakuwa yule ambaye kaka yake alikataa kumleta. Nitaingia kwao kama mtu asiye na watu."

Hilo ndilo lililomwingia Rasto na kukaa. Kicheko cha kamati angekivumilia. Lakini kuna wakati mtu huwaambia watu ukweli, na ukweli unakaa mbele yao kama mgeni asiyepewa kiti, na kadiri anavyousukuma mbele ndivyo unavyofanana na kisingizio. Alihisi amechoka hadi kwenye mifupa. Akaona limebaki jambo moja: waone.

"Sawa," alisema. "Ijumaa tutafanya mazoezi pale kwa shangazi. Nitaendesha. Na wewe uwe ndani."

Marion akatabasamu, maskini, akidhani ameshinda.

Ijumaa mchana uwanja wa shangazi Syprose ulikuwa umejaa. Hema la kukodi lilikwisha kusimamishwa, viti vya plastiki vimerundikwa kando, wanawake wanachambua mchele. Gari la mjomba Fabiano, la gia za mkono, lilikuwa limeoshwa na kufungwa utepe mweupe. Simu zilitolewa. Marion akakaa nyuma, mabega wima, kama atakavyokaa kesho.

Rasto alipoingia, mikono yake ilifanya kila kitu vizuri, hilo halina ubishi. Ilirekebisha kioo, ikavuta mkanda, ikashika usukani pale hasa panapofaa. Mtu akapiga kigelegele.

"Mnaona?" alisema shangazi. "Na alikuwa anatuzungusha!"

Chini, kwenye giza la miguu, palikuwa na vyuma vitatu. Rasto aliviinamia kuvitazama. Aliwahi kuvieleza kwenye video, kwa majina na kazi zake. Akakanyaga kimoja, akageuza ufunguo, akapachika gia, akaachia.

Gari likaruka mbele, likajikwaa, likaruka tena, likauvaa mrundo wa viti, likazimika, pua ikiwa imeegemea nguzo ya hema. Hema likafikiri kidogo. Kisha upande mmoja ukashuka taratibu juu ya boneti, kama mtu mnene anayeketi.

Wanawake wakaacha mchele. Kuku tu ndio waliosema. Rasto alihisi kitu kama faraja: sasa basi. Sasa wameona.

"Amefanya makusudi!" shangazi Syprose akalia. "Jamani, amefanya makusudi! Mtu anayeparamia mlima kwa magurudumu mawili ashindwe na uwanja wa kuku?"

"Gari langu," alisema mjomba Fabiano. "Nimesikia. Lile ni la makusudi. Dereva anajulikana kwa mlio."

Rasto akatoka chini ya turubai, utepe mweupe umemzunguka shingo. "Basi nifanye nini?" alipiga kelele. "Niue mtu ndiyo mwamini? Niambieni! Nimgonge nani?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Marion alishuka polepole, akiwa ameshika paji la uso lililogonga kiti cha mbele.

"Shangazi, mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Alikuwa anatazama chini. Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

"Breki. Miguu yake haijui iliko." Akamgeukia kaka yake, na uso wake ukawa uso wa mtoto aliyewahi kulala naye mkeka mmoja. "Kumbe hujui kabisa. Kwa nini hukuniambia?"

"Marion," alisema Rasto.

"Ndiyo, ulisema. Lakini ulisema kama mtu anayekataa."

Rasto alikuwa ametafuta kwa wiki nzima namna nyingine ya kusema na hakuipata. Marion akamtoa utepe shingoni, akaukunja. Akawaambia wote, kwa sauti ya bibi harusi ambayo siku hiyo haipingwi, kwamba dereva wa kukodi atawafikisha getini Busia. Pale gari litabaki, kwa kuwa hata karatasi za kuvuka halina, kaka aliandika na hamkusoma. Kutoka pale mtu wa damu yake atampeleka kwa miguu, kama wanavyovuka watu wa pale kila siku.

Shangazi akainama, akaanza kuokota viti.

Jumamosi walivuka. Marion aliinua gauni kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kiwiko cha Rasto. Malori yalikuwa yamepanga foleni, injini zikinguruma. Wanawake wa nyanya walishusha mabeseni ili watazame. Walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu, mizigo imewapita vichwa, walisogea wakapiga kengele. Viatu vya Rasto vilikuwa vipya na vilimbana, lakini miguu ilijua njia.

Upande wa pili Geoffrey Maloba alikuwa akisubiri na watu wake, suti inang'aa, ufunguo mkononi.

"Shemeji!" sauti yake ikafika kabla yake, kama spika ya kanisani. "Rasto Barabarani mwenyewe! Sisi huku tunakutazama kila siku. Gari letu lile pale, utatuendesha mpaka kanisani, nimewaambia wazee wote!"

Rasto aliutazama ufunguo. Akavuta pumzi ya mtu anayeanza tena kupanda ngazi aliyoipanda jana.

"Kaka yangu hajui kuendesha gari," alisema Marion.

Alisema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma. Wakwe wakatazamana.

"Hajui?"

"Hajui hata kidogo. Yale ya video ni mchezo. Amenileta kwa miguu yake."

Maloba akamtazama Rasto toka juu hadi kwenye viatu vyenye vumbi, kisha akaurudisha ufunguo mfukoni, akaupokea mkono wa shemeji yake kwa mikono miwili.

Nyuma yao, akihema kwa jua na kofia ya sherehe, shangazi Syprose alimwambia mjomba Fabiano asiyeona vizuri: "Lakini mlima ule ni wa Tororo."

Rasto alisikia. Hakugeuka.