Hodi kwa Wenye Nchi

Mama alilikataa jiwe. Baba tulimzika majira ya baridi hapa Burnsville, Minnesota, upande wa makaburi unaotazama barabara kuu, na Mama alisisitiza azikwe na viatu vyake vya kanisani miguuni. Theluji ilipoyeyuka na udongo ukatulia, fundi wa mawe alinipigia simu kusema jiwe la kaburi liko tayari. Nilimpelekea Mama habari hiyo nikidhani nitamfariji. Akaniangalia kama mtu aliyekosea nyumba, akasema, "Hapana. Jiwe lisubiri."

Wadogo zangu walisema ni huzuni. Mimi ni kifungua mimba wake na namjua vizuri kuliko wao. Mama akihuzunika huimba, na siku hizo alikuwa kimya kama chungu kisicho motoni. Alikuwa na jambo. Nilivumilia wiki chache, na kwa kuwa uvumilivu si kipaji changu, Jumapili moja baada ya ibada nikamkabili mezani, mbele ya wadogo zangu na binti yangu.

"Mama, una nini na jiwe la Baba?"

"Tulimlaza baba yenu kwenye udongo wa watu," akasema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hodi."

Ili kumwelewa, lazima umjue Baba. Tulipotoka Kongo, upande wa Fizi, tukavuka ziwa na kuwekwa kambini Kigoma, wenzetu wengi walikuwa wakitoka kimyakimya kwenda kujilimia nje ya kambi. Baba hakushika jembe. Alitafuta jogoo mwekundu, akambeba kwapani hadi kijiji cha jirani, akaulizia mzee wa pale, akajieleza: sisi ni watu wa mahali fulani, vita imetutoa, tumelala kwenye nchi yenu, tunapiga hodi. Mzee akampokea jogoo, akamwonyesha mahali pa kupanda mihogo. Baba alitulea hivyo. Alisema ugeni si aibu, aibu ni kuingia kwa watu kimya, na mgeni havui viatu mpaka aitikiwe.

Basi tulipoletwa Minnesota, kitu cha kwanza alichomwuliza binti wa shirika lililotupokea ni wenye nchi hii ni nani, aende akawasalimu. Yule binti alifikiri kidogo, akampeleka ofisi ya kaunti kupigwa picha ya kitambulisho. Baba alirudi na kitambulisho chake mfukoni, akasema wale si wenye nchi, wale ni makarani. Aliendelea kuuliza. Kiwandani alikokuwa anafunga maboksi alimwuliza Msomali, akamwuliza Mmeksiko, akamwuliza bosi wake Mzungu mwenye asili ya Norwei, na kila mmoja alimjibu kwamba yeye pia ukoo wake umekuja tu. Sisi watoto tulicheka sana. Baba hakucheka, na alikufa hajapata jibu.

"Lakini Mama," mdogo wangu wa kiume akasema, "kaunti ilitupa kibali cha kuzika."

"Kaunti ilitoa karatasi. Adabu ya baba yenu, nani ameipeleka?"

Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Anasikia Kiswahili chote, hata kile tunachokisema kwa kunong'ona, lakini humjibu kila mtu kwa Kiingereza. Alikuwa na simu yake mkononi, akasema kwa hicho Kiingereza chake, bila kuinua macho, kwamba wenye nchi ni Wadakota, waliokuwepo kabla ya Wazungu, kila mtoto wa shule anajua, hata jina la jimbo hili ni neno lao. Akaongeza kwamba kuna jumba la makumbusho kule Saint Paul, darasa lao lilienda, kuna vitu vyao vya zamani.

Mama akanigeukia. "Anasema wana jumba?"

"Ndiyo, Mama. Lina vitu vya mababu zao."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea. Kwetu vitu vya mababu hukaa kwa mwami, chifu wetu, na mwami hukaa na vitu vyake. Mama aliposikia jumba lenye vitu vya mababu, aliona boma, akaona kiti, na mtu amekikalia. Sikulitambua hilo mpaka siku mbili baadaye aliponiambia amepata mtu wa kumuuzia kuku aliye hai.

Tuligombana. Nilimwambia gari langu lina viti vya kitambaa, na kwamba makumbusho si mahali pa kuku. Akaniambia mkono mtupu haulambwi, na kwamba kama naona haya nibaki nyumbani, atapanda basi na kuku wake. Anaweza kabisa, na ndiyo sababu nikatafuta suluhu. Kuku akapikwa. Akapikwa mzima, na firigisi ikawekwa juu, kwa kuwa kumpelekea mkubwa kuku asiye na firigisi ni kumtukana. Juu ya hayo Mama akafungua sanduku lake akatoa kitenge kipya, pisi nzima, kile alichokuwa akikiweka kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Mjukuu mwenyewe, binti yangu, alikiona kikikunjwa, akashika ncha ya pili.

Jumamosi tukashika barabara ya thelathini na tano kwenda kaskazini. Mama alivaa vitenge vyake vya Krismasi, kilemba juu, sufuria ya kuku mapajani. Gari zima lilinuka vitunguu na tangawizi.

Mlangoni mlinzi, jitu refu lenye sura ya upole, alisema chakula hakiingii.

"Mwambie sijaleta chakula," Mama akasema. "Nimeleta salamu."

Binti yangu akatafsiri huku akitamani ardhi immeze. Mlinzi akainama, akanusa, akasema salamu zinanukia vizuri sana lakini haziingii, atazitunza chini ya meza yake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kumbe Mama aliridhika kabisa. Hata kwa mwami, alinieleza, kuku hupokelewa mlangoni.

Tukaingia. Mama alitembea taratibu, kitenge kimekunjwa juu ya mikono miwili, na alipofika kwenye kabati la kwanza akapiga magoti kidogo na kugonganisha viganja, vile anavyosalimiwa mkubwa. Ndani ya kioo kulikuwa na viatu vya mtoto mchanga, vya ngozi, vimerembwa kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi. Kulikuwa na ubao wa kubebea mtoto mgongoni, mtumbwi wa magome ya mti, na vijiti vya kupukutishia mpunga unaoota wenyewe ziwani. Watalii wawili walisimama kumwangalia Mama badala ya viatu. Niliwatolea macho mpaka wakasogea.

Mbele zaidi kulikuwa na mfano wa ngome ya askari, imejengwa juu ya jabali pale mito miwili inapokutana. Mahali pale napafahamu. Nafanya kazi hotelini Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, na nikitandika vitanda vya ghorofa ya juu naiona miti ya bonde lile. Miaka yote hiyo nilidhani ni miti tu.

Mama akaonyesha maandishi. "Inasema nini?"

Nilifungua kinywa, lakini binti yangu aliniwahi. Alisoma kimya, akasoma tena, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe: "Bibi, hapa waliwekwa kambini. Wamama, na wazee, na watoto. Baridi yote. Halafu waliwekwa kwenye meli, wakafukuzwa kwenye nchi yao."

"Kambini?"

"Ndiyo, Bibi. Kama nyinyi."

Nilijivuna pale pale, mbele ya ile ngome ya mbao, na sikuona haya. Miaka mingapi nimemsihi mtoto huyu aseme na bibi yake, nikamtisha, nikamhonga, na leo Kiswahili kimemtoka chenyewe kwa sababu kuna jambo lililostahili kusemwa. Mama alimshika shavu. Kisha akageuka, akaangaza chumba kizima, kabati kwa kabati, na nikaona uso wake ukishuka.

"Bon. Na wenyewe weko wapi?"

Akaonyesha makabati kwa kidevu.

"Naona vitu tu. Viatu bila miguu. Umenileta matanga." Akakaa kwenye benchi, kitenge mapajani. "Wamekwisha wote?"

"Hawajaisha, Mama. Ila hawakai hapa."

"Basi baba yenu atalala mgeni," akasema, na machozi yakamtoka bila wimbo. Hapo nikaogopa. Nikaketi kando yake.

Ndipo mwanamke mmoja akatujia. Alikuwa wa rika la Mama, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja, hereni za shanga, kitambulisho cha kazi shingoni. Alisema kwamba yeye ni Mdakota, kwamba anafanya kazi hapa, na kwamba mlinzi amemwambia kuna bibi amekuja na kuku. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza changu cha hotelini: samahani sana, mama yangu alidhani... Sikumaliza. Mama alikwisha simama. Alikwisha jipangusa uso. Akapiga magoti kidogo, akaanza, kwa Kiswahili cha kwetu Fizi, na yalikuwa maneno ya Baba, yale ya jogoo mwekundu.

"Shiye ni batu ba Fizi. Vita ilitutosha kwetu. Tumelala kwenye inchi yenu, tumekula, batoto bamesoma. Mume wangu alikufa, tukamulaza kwenye udongo wenu bila kuwaambia. Hakuwa mtu wa kuingia kimya. Nimekuja kwa jina lake. Hodi."

Binti yangu alitafsiri yote. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye hodi alikwama, akaiacha kama ilivyo, akaeleza: ni kitu unachosema ukiwa mlangoni, unasimama pale pale, huingii mpaka mwenyewe aitike.

Yule mwanamke akashika kitambulisho chake cha kazi. Kisha akasema yeye si chifu, ni mwajiriwa tu. Watu wake wapo, wengine mjini hapa hapa, wengine kwenye makazi yao ng'ambo ya mji, na wengine walipofukuzwa hawakurudi tena. Hawezi kuwajibia wote. Akasema watu humuuliza choo kiko wapi, na humuuliza kama Wadakota bado wapo, akiwa amesimama mbele yao. Hili hajawahi kuulizwa.

"Waliokuja kabla yenu hawakubisha hodi," akasema.

Mama alipotafsiriwa akajibu, "Najua. Njo maana nimekuja."

Akamnyooshea kitenge kwa mikono miwili. Yule mama akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akajifunika nacho mabegani, nyekundu na njano juu ya kitambulisho cha kazi. Akasema hata kwao huendi kwa mkubwa mikono mitupu, na kitambaa ni zawadi wanayoijua. Akauliza mzee wetu amelala wapi. Tukamwambia. Akasema bibi yake mwenyewe naye amelala upande ule ule wa mto, hawako mbali sana.

Kisha akamgeukia binti yangu. "Mtu akibisha hivyo, mwenyewe hujibu nini?"

"Karibu," mtoto akasema.

Yule mama akalijaribu kwanza kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akamshika Mama mikono. "Kwa niaba ya bibi yangu," akasema kwa Kiingereza, na neno la mwisho akalisema kwa Kiswahili, kwa lafudhi nzito, "karibu."

Mama aliangua kilio, na katikati ya kilio akaanza kuimba, pambio la kwetu la shukrani, humo humo ndani ya makumbusho. Mlinzi akaja, akasimama, akavua kofia. Nilitazama watu waliokusanyika nikitamani kuwaambia kila mmoja kwamba huyu anayeimba ni mama yangu, na huyu aliyetafsiri nimemzaa mimi.

Kuku tulimlia nje, kwenye majani, wakati wa mapumziko ya mwenyeji wetu. Mama alimpa firigisi kwa mkono wake na hakuondoa macho mpaka imeliwa. Mlinzi alipata paja. Wakati wa kuagana yule mama alikwenda kwenye gari lake, akarudi na mfuko wa mchele mweusi wa ziwani, uliovunwa na watu wa kaka yake, waliopiga mabua kwa vijiti mpaka punje zikaangukia mtumbwini. Mama akaupokea akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na mara hii binti yangu alitafsiri bila kuombwa.

Jiwe liliwekwa Jumamosi iliyofuata. Wadogo zangu walikuwepo, na watu wachache wa kanisani, na mchungaji akaomba. Watu walipoanza kurudi kwenye magari, Mama alibaki nyuma, nami nikabaki naye. Aliinama, akaligonga jiwe kwa vidole, taratibu, kama mlango wa chumba alicholala mtu.

"Mzee," akasema. "Nimepiga hodi. Wameitika. Vua viatu sasa, ulale."