Figo Bila Kugusa Mgongo

Siku hizi watu wanaongea na simu. Zamani ulimtazama mtu usoni ndipo ukamjibu. Ustaarabu huo umekwenda na wenyewe. Amebaki mpwa wangu, mtoto wa kike wa dada yangu, anayepata riziki kwa kutazama nyuso. Ni mkalimani wa lugha ya alama katika shule ya msingi. Mwalimu anasema, naye kando ya ubao anayahamishia maneno mikononi kwa ajili ya binti mmoja kiziwi wa dawati la mbele. Hapunguzi kitu. Hata mwalimu akipiga chafya, binti anapelekewa chafya yake.

Watoto wanamwita Mwalimu Vidole. Anaitika.

Muhula huu mwalimu mkuu alitaka kumhamishia binti shule ya bweni, mbali na mama yake. "Hapa anabebwa tu na mkalimani," alisema, akaja darasani kumpima mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma, nakarabati dawati. Haya ya kisasa, mbao zake laini kama mkate.

"Figo ziko wapi mwilini?" mkuu akauliza.

Sasa, alama ya figo ni kugusa mgongo, juu kidogo ya kiuno. Ukiuliza kwa alama hiyo umeshajibu. Nikaona mkono wa mpwa wangu ukianza safari ya mgongoni, ukasita, ukarudi. Akaliandika neno kwa vidole hewani, herufi moja moja. Binti akakunja uso.

Uvumilivu ukanishinda, nikamwambia mpwa wangu: "Msaidie basi, mama!"

"Mjomba!" Macho yake yakanichoma. Lakini kazi yake haina siri: lililosemwa darasani, binti hulipata. Akamfikishia na hilo.

Binti akageuka, akanikazia macho, mikono ikaanza kuruka. Mpwa wangu akamsemea kwa sauti, shavu likimcheza: "Mwambieni fundi apige misumari yake. Sijaomba msaada."

Kisha binti akasimama, akajishika mgongo kwa mikono miwili, akapinda kama mzee anayeinuka kwenye kigoda.

"Ziko hapa," mpwa wangu akatafsiri, "anaposhika fundi kila akisimama."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu alijitahidi kununa, akashindwa, akafuta machozi kwa kiganja.

"Abaki," akasema.

Neno fupi hilo mpwa wangu alilitafsiri mara mbili. Mara ya kwanza vidole viligongana, binti hakuelewa.