Nilisema Ana Hatia

Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka mmoja tu nilipoitwa Mahakama Kuu, Shinyanga, kuwa mshauri katika kesi ya mauaji. Wakati huo jaji aliketi na raia watatu wa kawaida. Tulisikiliza ushahidi, kisha kila mmoja akatoa maoni yake: ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuyafuata. Nilitoka nyumbani Ngokolo nimevaa gauni langu la kanisani, nikijiona mtu muhimu.

Mshtakiwa alikuwa mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Mwenzake waliyechimba naye duara moja alikutwa asubuhi amekufa kando ya shimo hilo, amepasuliwa kichwa. Mashahidi walisema jana yake wawili hao waligombania zamu ya kushuka. Hakuna aliyemwona akimpiga.

Siku ya tatu upande wa mashtaka ulileta maelezo aliyodaiwa kuyatoa polisi. Wakili wake alipoyapinga, sisi washauri tulitolewa nje, ndivyo sheria ilivyotaka. Tukakaa kwenye benchi tukiongea habari za mvua. Tuliporudishwa, maelezo yalikuwa yamepokelewa, yakasomwa: "Nilimshambulia marehemu kwa kitu butu kutokana na mgogoro uliokuwepo baina yetu."

Nikashtuka. Nilifundisha darasa la kwanza vijijini kwa miaka mingi, watoto wanaofika shule na Kisukuma kitupu, na najua Kiswahili chao kinavyokuwa hata wakishakua. Mtu yule alipopanda kujitetea alitafuta maneno, akayakosa, mpaka karani akawa anamtafsiria. "Baina yetu" alilitoa wapi? Niliruhusiwa kumuuliza swali. Sikuuliza.

Washauri wenzangu wawili walisema ana hatia. Jaji akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Ana hatia," nikasema.

Sikuwa nimeogopa. Niliona aibu tu kuwa peke yangu.

Alihukumiwa kunyongwa hadi kufa. Akainama kwa karani, akamuuliza kwa Kisukuma jaji amesema nini. Karani alipomwambia, mama yake mshtakiwa, aliyekuwa nyuma yetu, akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Mama huyo alinitafuta miezi kadhaa baadaye. Alitoka Tinde na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaketi sebuleni kwangu. Mwanawe alikuwa amehamishiwa gereza la mbali na alikwisha kukata rufaa.

"Mwalimu, mimi sijasoma," alisema kwa Kisukuma. "Wewe ulikuwemo mle ndani. Niambie, alikosea wapi?"

Nikamwambia kuhusu yale maelezo. Nikamwambia amuombe wakili atakayepangiwa mwanawe aulize ni nani aliyemtafsiria kule polisi. Alinirudishia maneno hayo mara tatu, akiyakariri kama mwanafunzi. "Wabeja, mayu," akasema, akinishukuru. Sikumwambia maoni yangu yalikuwa yapi. Siku ile ya mahakama alikuwa ameinamisha kichwa, na nadhani hakusikia Kiswahili chetu.

Rufaa ilichukua miaka. Mwenendo wa kesi ulichelewa kuchapwa, kisha ikaahirishwa mara moja. Mahakama ya Rufani ilipokuja kuketi Shinyanga, nilikwenda kukaa nyuma. Majaji walikuwa watatu. Mmoja alimuuliza wakili wa serikali: "Mahakamani alihitaji mkalimani. Kule polisi hakuhitaji?" Wakili alifungua kurasa, akafungua tena. Akakubali kwamba hakuna palipoandikwa mkalimani.

Baada ya siku chache uamuzi ulisomwa. Maelezo yaliondolewa katika ushahidi. Ushahidi wa ugomvi, uliobaki peke yake, haukutosha kumtia mtu hatiani. Aachiwe huru, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Mama wa Tinde alipiga vigelegele mpaka askari akamtuliza. Mjane wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza mimi, pengine kwa kuwa nilikuwa karibu: "Basi mume wangu kauawa na nani?" Nikashika mkono wake.

Wiki iliyofuata yule mtu alikuja nyumbani na mama yake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Aliniamkia shikamoo, nikaona siwezi kuitikia kabla sijasema.

"Mwanangu, siku ile mimi nilisema una hatia."

Mama yake alinitazama. Mwanawe akaitikia kwa kichwa. "Najua, Mwalimu. Neno hilo nilikuwa nalijua. Nilikusikia."

"Na bado umekuja?"

"Mama ameniambia ulilomfundisha." Akafikiri kidogo. "Lakini miaka ile ni mingi."

"Ni mingi," nikasema.

Hakusema amenisamehe, wala sikumuomba aseme. Mama yake akaniomba maji ya kunywa, nikamletea. Tulikaa mpaka jua lilipopoa, wakaondoka kurudi Tinde, ambako mwana sasa analima mpunga. Mwakitolyo hakurudi tena. Mjane naye hukutana nami sokoni mara chache. Tunasalimiana vizuri, na kila mara naona kwamba bado anasubiri mtu amjibu.